Pikapu au vani ya kazi: pima siku ambazo gari litalala gereji kabla hujalipa

Mwaka wa pili wa biashara yangu ya kubeba viazi na mbao kutoka Kilolo kuja Iringa mjini, pikapu yangu ilizima njiani ikagoma kuwaka. Fundi alihangaika nayo siku mbili, akagundua pampu ya dizeli ya presha imekufa. Iringa pampu hiyo haikuwepo. Kariakoo walikuwa nayo ya injini nyingine. Wakala rasmi wa gari alisema lazima iagizwe nje. Gari lililala gereji siku 23, msimu wa viazi, wakati wateja wangu wakitafuta mtu mwingine wa kuwabebea mzigo.

Lile gari halikuwa bovu. Lilikuwa limetembea bila kunisumbua, na hata leo ningelisifia injini yake. Kosa lilikuwa langu: nililinunua kwa kuuliza "linadumu?" bila kuuliza "likiharibika hapa Iringa, litasimama siku ngapi?" Gari la kazi litaharibika tu, liwe la kampuni gani. Uimara wake na huduma ya wakala wake vyote vinaishia kwenye namba moja: siku ambazo gari halikuingiza hela. Mwongozo huu ni wa kuitafuta namba hiyo mapema, kwa simu, kwa miguu na kwa kalamu.

Hatua ya 1: Andika kazi ya gari, kisha chagua umbo

Chukua karatasi uandike mzigo wa kawaida kwa kilo, njia ya kawaida kwa kilomita, na njia mbaya kuliko zote ambayo gari litalazimika kupita kwa mwaka. Watu wengi huruka hatua hii wakaanza na jina la gari.

Kama mzigo wako ni mikate, dawa, vinywaji au nguo, na unatembea kwenye lami, vani inakufaa zaidi. Mzigo haunyeshewi, mlango unafungwa kwa ufunguo, na sakafu iko chini, hivyo kupakia hakuchoshi mgongo. HiAce ndefu inabeba karibu tani moja. Kama unaingia mashambani wakati wa masika, au unabeba mbao, mabati na matanki, chukua pikapu.

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nakitaja peke yake kwa sababu ndicho wengi tunachoanza nacho. Suzuki Carry na ndugu zake wa Japan wana injini isiyozidi sisi 660 na wameandikwa kubeba kilo 350. Nimeona vikibebeshwa magunia kumi ya viazi. Mwenye gari akilalamika baadaye kwamba klachi na beringi za nyuma haziishi, analilaumu gari kwa kazi ambayo halikutengenezewa. Ukipima uimara, pima kwa mzigo ulioandikwa. Kama mzigo wako ni kilo 700 kila siku, kirikuu kiondoe kwenye orodha hata kama bei yake inavutia.

Hatua ya 2: Jua gari lenyewe ni lipi hasa

Jina lililo nyuma ya gari halitoshi. Hilux mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na injini mbili tofauti, na spea zake zisiingiliane. Kwa kila gari unalofikiria, andika vitu vinne: namba ya injini kwa aina (kwa mfano 2KD, 1KD, 1GD, 2TR), namba ya chasi, mwaka wa kutengenezwa, na nchi ambayo gari liliuzwa likiwa jipya.

Hilo la nchi lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Toyota iliacha kuuza Hilux ndani ya Japan mwaka 2004, ikairudisha mwaka 2017. Maana yake Hilux ile tunayoiita Vigo, ya mwaka 2008 au 2012, haikuuzwa Japan. Mtu akikuambia "Vigo hii imetoka moja kwa moja kwa mzee mmoja Japan," anza kuuliza makaratasi. Nyingi za usukani wa kulia zilitoka Thailand, Afrika Kusini, Uingereza au Australia, na kila soko lilikuwa na mpangilio wake wa injini na vifaa. HiAce ni kinyume: zilizotumika tunazoziona barabarani nyingi zimetoka Japan kweli, na spea zake zinafuata mkondo huohuo wa Japan.

Ukishaijua injini, tafuta ugonjwa wake unaojulikana. Kila injini ina wake, na fundi mzoefu atakutajia bila kufikiri:

1KD ya sisi 3,000, ile ya Hilux, Prado na baadhi ya HiAce, ina washa za shaba chini ya injekta. Zikichoka zinavujisha moshi ndani, masizi yanaingia kwenye oili, na chujio la oili lililo chini kwenye sampu (bakuli la oili) linaziba. Injini inakosa oili na kufa, na dereva aliona taa dakika ya mwisho. Washa hizo ni vitu vya bei ndogo. Injini ni mamilioni.

1KD na 2KD zinatumia mkanda wa taimingi, na gari lina taa ya kukumbusha kuubadilisha. Muuzaji asiye mwaminifu anaizima taa na kuacha mkanda uleule. 1GD na 2GD zilizokuja mwaka 2015 zinatumia cheni. Vilevile 1TR na 2TR za petroli, na 4JJ1 ya Isuzu. Cheni nayo si ya milele: YD25 ya Nissan Navara inajulikana kwa cheni inayolegea, na ukisikia mlio wa kukwaruza mbele ya injini asubuhi, uulizie.

Dizeli za miaka ya karibuni zina chujio la moshi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha gari likikimbia kwa muda mrefu likiwa na moto wa kutosha. Gari linalozunguka mjini kilomita tatu tatu na kuzimwa linaziba haraka. Hata jina kubwa halikuepuka hili: Australia, wamiliki wa Hilux, Prado na Fortuner za dizeli za 2015 hadi 2020 waliishtaki Toyota kwa sababu ya chujio hilo, na mwaka 2022 mahakama ya shirikisho ikakubali kwamba magari hayo yalikuwa na kasoro. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na hilo limesaidia, lakini dizeli ya kwenye madumu vijijini usiipe gari la aina hii. Uliza kama gari unalotaka lina chujio hilo, na kama lilitolewa, nani alilitoa na aliirekebisha vipi kompyuta ya injini.

Hatua ya 3: Waulize wanaolala nalo

Usiulize "hili gari zuri?" Kila mtu atasifia gari alilolinunua kwa hela yake. Nenda stendi, sokoni, kwenye maegesho ya magari ya mizigo, tafuta madereva watano wenye gari la injini ileile, na uwaulize maswali haya matatu tu: Kitu gani kiliharibika mara ya mwisho? Gari lilikuwa na kilomita ngapi? Lilisimama siku ngapi?

Andika majibu. Ukiwa na majibu matano utaanza kuona mtindo. Wote watano wakikutajia bushi na tai rodi, hayo ni matumizi ya barabara zetu, usiogope. Watatu wakitaja kitu kimoja kikubwa, kama injekta au gia boksi, huo ni ugonjwa wa gari.

Muulize dereva wa kuajiriwa kabla ya tajiri wake. Dereva ndiye aliyekesha njiani. Na ukiwa ukanda wetu, ongeza swali la mlima: gari likipanda Kitonga na mzigo, sindano ya joto inakaa wapi? Likishuka, bereki zinashika hadi chini? Jibu la Kitonga linakueleza habari za rejeta, hedi gasketi na bereki kwa pamoja.

Halafu nenda kwa mafundi wawili ambao hawajuani. Swali la fundi ni tofauti: "Gari gani hutaki kulipokea?" Nilipoliuliza mara ya kwanza, fundi wangu aliweka spana chini akanieleza kwa nusu saa.

Hatua ya 4: Jaribio la spea nane

Hapa ndipo ningekaa siku nzima, na ninakuomba ufanye hivyohivyo. Andika spea nane: seti ya klachi, injekta moja, pampu ya dizeli ya presha, pampu ya maji, alternata, rejeta, taa ya mbele ya kulia, na sensa ya kranki (inayoiambia kompyuta injini inavyozunguka). Mbili za mwanzo huchakaa kwa kazi. Taa hupasuka kwa ajali ndogo. Sensa na pampu ya presha ndizo zinazosimamisha gari kabisa na ndizo maduka hayapendi kuziweka, kwa sababu zina bei na wateja ni wachache. Hizo mbili ndizo zinazokupa ukweli.

Chukua namba ya chasi, mpigie wakala rasmi, mwombe namba ya spea kwa kila kimoja. Spea ya Toyota, kwa mfano, ina namba kumi zilizogawanywa tano na tano. Ukiwa na namba hizo huhitaji kubishana na mtu kuhusu "ile ya Vigo mpya au ya zamani."

Sasa ulizia sehemu tatu: kwa wakala, Kariakoo upande wa Gerezani (walio Nairobi waende Kirinyaga Road, walio Kampala Kisekka), na duka kubwa la spea la mji unaoishi. Kila sehemu uliza mambo mawili, bei na siku. "Ipo rafuni sasa hivi, au inaagizwa? Ikiagizwa, inatoka wapi?" Jibu la "ipo, njoo" lithibitishe kwa kumwomba apige picha ya boksi ikiwa na namba yake aitume WhatsApp. Nimefanya hivi mara nyingi, na mara nyingi "ipo" iligeuka kuwa "kesho tunaletewa."

Kwa sisi tulio mbali na Dar, ongeza safari ya basi. Spea ikilipiwa saa nne asubuhi Kariakoo na kupelekwa kwenye ofisi ya vifurushi ya basi, Iringa inafika usiku au kesho yake alfajiri. Hiyo ni siku moja, na ni huduma nzuri sana ambayo hakuna wakala anayeiandika kwenye matangazo yake. Gari ambalo spea zake saba kati ya nane zipo Gerezani, kwako lina wakala mkubwa hata kama shorumu yake haipo mkoani.

Ulizia pia daraja la spea. Kuna orijino yenye boksi la kampuni, kuna ya kampuni nyingine inayoheshimika, kuna iliyotumika kutoka Japan au Dubai, na kuna feki yenye boksi zuri kuliko orijino. Kwa klachi, bereki na mkanda wa taimingi, nanunua orijino au ya kampuni inayoheshimika na sishuki hapo. Taa, mlango na bampa, iliyotumika inatosha. Sensa feki usiweke: itafanya kazi wiki mbili, na fundi atatafuta kosa kwingine mwezi mzima.

Hatua ya 5: Mkabili wakala ana kwa ana

Ukinunua gari jipya, au lililotumika ambalo bado liko ndani ya dhamana, nenda kwa wakala ukiwa na maswali yaliyoandikwa. Usiongee na muuzaji peke yake. Omba kupelekwa dawati la sevisi na dirisha la spea. Angalia ua wa nyuma: magari mangapi yamesimama yakiwa na vumbi kwenye vioo? Hayo yanasubiri spea. Ongea na wenye magari wanaosubiri kwenye benchi.

Maswali yangu ni haya. Gereji yenu iliyo karibu na mji wangu iko wapi, na ina mashine ya kusoma kompyuta ya modeli hii, au lazima gari lipelekwe Dar? Likikwama porini, mnalifuata, na nani analipa? Dhamana inahesabiwaje? Mara nyingi utasikia miaka kadhaa au kilomita kadhaa, kinachotangulia. Kwa gari la kazi kilomita ndizo zinazotangulia. Ukitembea kilomita 250 kwa siku, siku 26 za mwezi, unamaliza kilomita 78,000 kwa mwaka, na dhamana ya kilomita 100,000 inaisha ndani ya mwezi wa kumi na sita. Muuzaji atakuwa ameitaja kwa miaka.

Endelea: nikifanya sevisi kwa fundi wa nje kwa oili yenu na filta zenu, dhamana inabaki? Nikiongeza springi nyuma, je? Klachi na injekta zimo ndani ya dhamana au mnaziita vitu vya kuchakaa? Majibu yote yawe kwa maandishi. Barua pepe inatosha. Maneno ya mdomo ya muuzaji hayamfungi mtu wa sevisi.

Swali la mwisho ni la uhai wa wakala mwenyewe. Januari 2025 CMC Motors, iliyouza magari na matrekta ukanda huu kwa miongo mingi, ilitangaza kufunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania. Upande mwingine, mwaka 2017 General Motors ilipouza hisa zake Nairobi, Isuzu ilizichukua, kampuni ikawa Isuzu East Africa, na magari ya Isuzu yakaendelea kuunganishwa palepale. Mwenye pikapu ya Isuzu hakuhangaika kutafuta spea kwa sababu mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyebaki mlangoni. Kwa hiyo uliza: nani anamiliki uwakala huu, una miaka mingapi na chapa hii, na mkiondoka spea zitapitia wapi? Kwa chapa mpya, hasa pikapu za China zinazoingia kwa bei nzuri na vifaa vingi ndani, swali hili ndilo kubwa kuliko yote. Zipo ambazo ni magari mazuri. Ninachotaka kuona ni rafu ya spea iliyojaa, siyo ahadi ya meli.

Hatua ya 6: Zigeuze siku kuwa shilingi

Sasa una namba. Chukua mfano huu, weka zako. Gari lako likifanya kazi linabakiza 70,000 kwa siku baada ya mafuta na dereva. Pikapu ya kwanza ni ghali kwa milioni 4, lakini kwa majibu ya madereva na jaribio la spea unakadiria italala gereji siku 9 kwa mwaka. Ya pili ni rahisi, unakadiria siku 30. Tofauti ni siku 21, sawa na 1,470,000 kwa mwaka. Miaka mitatu ni 4,410,000. Unafuu wa bei umekwisha, na hapo hujahesabu mteja aliyehama wala rejesho la mkopo ambalo benki inalitaka tarehe ileile gari likiwa juu ya jeki.

Kama una magari mawili au zaidi, ongeza faida ya kufanana. Magari mawili ya injini moja yanatumia filta moja, fundi mmoja, na likifa moja kabisa linalisha lingine.

Hatua ya 7: Gari lenyewe likaguliwe likiwa baridi

Nenda asubuhi, shika boneti kwa mkono. Likiwa la moto, muuzaji ameliwasha kabla hujafika, rudi siku nyingine. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma: moshi unaosukuma kwa nguvu ni dalili ya pistoni kuchoka. Kwenye HiAce injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo viti viinuliwe, usikubali kuangalia kwa tochi kupitia upenyo. Washa swichi bila kuwasha injini uone taa ya injini inawaka. Isipowaka kabisa, imezimwa makusudi. Lala chini uangalie chasi, hasa ya pikapu iliyotoka nchi ya baridi au pwani. Kwa gari la Japan omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani. Ukiona R au RA kwenye daraja, liligongwa likatengenezwa. Lete fundi wako, mlipe wewe, asilipwe na dalali.

Hatua ya 8: Sanduku la chini ya kiti

Siku ya kwanza ya gari, kabla ya safari ya kwanza, badilisha oili na filta zote, ya dizeli ikiwemo, na anza daftari: tarehe, kilomita, kilichofanyika, bei. Mimi nabadilisha oili kila kilomita 5,000 kwa sababu ya vumbi na mizigo.

Kisha nunua sanduku la chuma. Langu lina filta ya dizeli, mkanda wa feni, hozi mbili za rejeta, fyuzi, kebo ya klachi au silinda yake, na lita mbili za oili. Baada ya zile siku 23 niliongeza sensa ya kranki, ikiwa bado kwenye boksi lake. Msimu uliopita iliitoa pikapu Kilolo saa tatu usiku, mvua ikinyesha, na magunia ya viazi yakafika Iringa kabla soko halijafunguliwa.